Fahamu: Protini zinazotoroka na kurudishwa ndani ya seli

Protini nyingi zinazotolewa nje ya seli hukunjwa kwanza ndani ya retikulamu ya endoplazimu, kisha husafirishwa hadi Golgi, kituo kinachofuata. Lakini protini zinazosaidia kazi hiyo ya kukunja, kama BiP, hutakiwa zibaki ndani ya retikulamu. Zinabakije?

Mwaka 1987, Sean Munro na Hugh Pelham wa Cambridge, Uingereza, waligundua kuwa siri iko mkiani mwa protini hizo: asidi amino nne, yaani lisini, aspatiki, glutamiki na lusini, kwa kifupi KDEL. Walipozikata, BiP ilitoka nje ya seli. Walipozibandika kwenye lisozaimu, protini ambayo kwa kawaida hutolewa nje, ikazuiliwa ndani.

Cha ajabu, hakuna mlango uliofungwa. Protini hizo hutoroka kweli, ila kipokezi kilichoko Golgi, penye uasidi zaidi, huzinasa na kuzirudisha. Zikishafika kwenye retikulamu, ambako uasidi ni mdogo, kipokezi huziachia na kurudi kazini.