Mtaa Ulioachiwa Waendao kwa Miguu

Unapokwenda mjini na mtoto wa miaka minne au mitano, unamshika wapi? Nimewachunguza akina mama wenzangu, na mimi mwenyewe nimejichunguza. Tukiwa kanisani tunawashika watoto kiganja. Tukiwa mjini tunawashika kifundo cha mkono, tena kwa nguvu, maana kiganja huponyoka. Magari ni mengi, pikipiki zinapanda hadi kwenye njia ya waendao kwa miguu, na mama ana mfuko mkono wa pili, pengine na mdogo wake mgongoni. Mtoto analia kwamba anaumizwa. Mama anamjibu kuwa afadhali uumie mkono.

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini, na baadhi ya miaka hiyo nilikuwa wodi ya majeruhi. Mama huyo ana haki. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba duniani kote hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Wengi wa tuliowapokea wodini hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wakitembea.

Ndiyo sababu habari ninayotaka kuwasimulia mwezi huu ilinishtua nilipoisoma mara ya kwanza. Ni habari ya meya aliyewaweka watoto katikati ya barabara kuu ya mji, wakiwa na karatasi na rangi, siku ambayo wenye magari walikuwa wamekusudia kupita hapo.

Ijumaa jioni

Mji wenyewe unaitwa Curitiba. Ni makao makuu ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Katikati ya mji huo kuna mtaa wa zamani uitwao Rua XV de Novembro, yaani Mtaa wa Tarehe 15 Novemba, kwa kumbukumbu ya siku Brazil ilipoacha ufalme na kuwa jamhuri mwaka 1889. Lakini jina lake la kwanza lilikuwa Rua das Flores, Mtaa wa Maua, na hadi leo sehemu ile ya katikati wenyeji wanaiita hivyo. Pande zote mbili pana majengo ya kale, chini maduka, juu nyumba na ofisi.

Kufika miaka ya 1960 mtaa ulikuwa umejaa magari. Wakubwa wa mji walifikiria dawa ambayo hata sisi tunaifahamu: kupanua barabara ili magari mengi zaidi yapite. Kupanua maana yake ni kubomoa. Majengo yale ya kale yangeondoka. Kwa macho ya muuguzi, mpango huo ni sawa na mgonjwa mwenye uvimbe anayekwenda kwa fundi kushonewa nguo pana zaidi.

Mwaka 1971 mji ukapata meya mpya, Jaime Lerner, msanifu wa majengo, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 35. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Poland, wakafungua duka katikati ya mji huo huo. Kwa hiyo kijana huyu alikulia miongoni mwa wenye maduka na alijua wanavyowaza. Yeye alitaka kufanya kinyume cha kupanua. Alitaka magari yaondolewe kabisa, na mtaa waachiwe waendao kwa miguu.

Wenye maduka walipinga. Gari lisipofika mlangoni, walisema, mteja naye hatafika. Mimi siwacheki. Ni rahisi kwetu sisi tunaopokea mshahara mwisho wa mwezi kusema kwamba mfanyabiashara ni mchoyo. Lakini fikiria mke wa mwenye duka dogo la vitambaa. Ada ya watoto inatoka katika duka lile, kodi ya nyumba inatoka pale pale, halafu anakuja mtu wa manispaa na michoro yake kumwambia kwamba barabara iliyo mbele ya mlango wake itafungwa. Hata mimi ningetia saini kwenye barua ya kupinga.

Lerner aliwauliza mafundi wake kazi itachukua muda gani. Wakamwambia miezi. Akawaambia hapana. Baada ya kubishana wakafika kwenye saa 72. Hofu yake ilikuwa kwamba kazi ikichukua muda mrefu, wapinzani watakwenda mahakamani kuisimamisha, na wananchi watauona mtaa uliochimbwa tu bila kuona faida yake. Hivyo kazi ilianza Ijumaa jioni, tarehe 19 Mei 1972, mahakama zikiwa zimekwisha kufungwa. Mafundi waling'oa lami, wakapanga mawe madogo madogo, wakasimamisha taa, wakaweka mabenchi na kupanda maua. Jumatatu jioni ilikuwa tayari.

Watu walipoanza kutembea humo waligundua kwamba mtu anayetembea polepole hutazama madirishani, na anayetazama madirishani huingia dukani. Lerner mwenyewe alisimulia mara nyingi, hadi uzee wake, jinsi mmoja wa viongozi wa wale waliompinga alivyomrudia baadaye akiomba kazi iendelezwe mitaa ya jirani. Aliyekuwa ameshika kalamu ya kupinga ndiye aliyeshika kalamu ya kuomba!

Karatasi na rangi

Wenye maduka walitulia, lakini baadhi ya wenye magari hawakutulia. Wanachama wa chama cha waendesha magari walikubaliana kwamba siku ya Jumamosi watapita na magari yao katika mtaa ule, kama walivyozoea, ili kuurudisha mikononi mwao. Meya akapata habari. Hakuita polisi. Alichofanya ni kuwatuma wafanyakazi wa manispaa kutandaza karatasi ndefu chini, katikati ya mtaa, na kuwaalika watoto waje kuchora. Wenye magari walipofika waliwakuta watoto wamepiga magoti wanapaka rangi. Wakageuza magari. Kuanzia hapo kuchora kwa watoto siku ya Jumamosi kukawa desturi ya mtaa ule kwa miaka mingi.

Hapa lazima nisimame kidogo. Wengi wanaosimulia habari hii huisimulia kwa kicheko, kama ujanja wa Sungura. Mimi nimeona miguu ya watoto iliyopitiwa na gurudumu, na sikuweza kucheka. Je, ilikuwa halali kuwatumia watoto kama ukuta? Dereva mmoja akiwa amelewa, au mwingine breki zikimkatalia, ingekuwaje?

Niliipeleka habari hii kwa akina mama wa jumuiya yetu siku ya Alhamisi baada ya maombi. Mama mmoja, mwalimu, alisema angempeleka mwanawe bila kusita, kwa sababu watoto wetu tayari tunawaweka mbele ya magari kila asubuhi wanapokwenda shule, tena bila karatasi wala rangi. Mwingine alisema kamwe. Mambo ya watu wazima wayamalize watu wazima. Bibi mmoja, mkubwa wetu, ambaye huwa anasikiliza huku ameshughulika na ufumaji wake, aliuliza, "Na hao wenye magari, wao hawakuwa na watoto?" Tukanyamaza.

Mimi, nikisema kweli, Jumamosi ya kwanza nisingempeleka wangu. Ya pili ningempeleka.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomsifu Lerner hulipita haraka. Wakati ule Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Meya hakupigiwa kura, aliteuliwa. Aliweza kuchimba barabara Ijumaa usiku kwa sababu hakuwa na haja ya kuogopa uchaguzi. Kazi nzuri ilifanyika, ni kweli, lakini aliyeamka Jumamosi akakuta mbele ya duka lake pamechimbwa hakuwa ameulizwa. Kwetu tumeona vibanda vikivunjwa alfajiri, wenyewe wakiwa bado njiani kuja kazini, na hatukuona maua yakipandwa baadaye. Kwa hiyo sipendi sana kusikia haraka ile ikisifiwa kana kwamba ndiyo siri yenyewe.

Behewa la watoto

Nionavyo mimi, siri iko katika yale yaliyofuata, ambayo hayasimuliwi kwa mbwembwe.

Mwaka 1973 waliliweka behewa la tramu ya zamani hapo hapo mtaani. Halikwenda popote. Lilikuwa mahali pa watoto kuchezea na kuchora huku mama akifanya manunuzi yake. Mama mwenzangu, hebu fikiria hilo. Katika kuupanga mtaa, kuna mtu aliyekumbuka kwamba mnunuzi ana mtoto, na mtoto huchoka, na mama mwenye mtoto aliyechoka harudi tena. Mwaka 1974 yakaanza mabasi ya haraka yenye njia zake maalumu, yanayomleta mtu kutoka pembeni mwa mji hadi karibu na katikati. Yaani asiye na gari aliletewa njia ya kufika kwenye mtaa uliotengenezwa kwa ajili yake.

Linganisha na Kalamazoo, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani. Huko walifunga mtaa wa Burdick mwaka 1959, wa kwanza wa namna hiyo katika nchi yao, kwa ushauri wa msanifu Victor Gruen. Miji mingi ikaiga. Fresno, katika jimbo la California, ilifunga mtaa wa Fulton mwaka 1964, ikaweka miti, chemchemi na sanamu. Lakini katika miji ile ya Marekani watu walikuwa wanahama katikati ya mji kwenda kuishi pembeni, kila nyumba na gari lake, na huko pembeni yakajengwa maduka makubwa yenye viwanja vya kuegesha magari. Aliyesanifu yale ya mwanzo ya kufunikwa paa ni huyo huyo Gruen! Mitaa iliyofungwa ikabaki na maua na mabenchi, pasipo watu wa kukaa juu yake. Jioni mwanamke aliona hofu kupita peke yake. Sehemu ya mtaa wa Burdick ilirudishiwa magari mwaka 1998, na ule wa Fulton mwaka 2017.

Kwa hiyo kuondoa magari peke yake hakutoshi. Mtaa unahitaji watu wanaoishi karibu, usafiri wa kuwaleta wa mbali, kivuli, choo, na mahali pa kuketi. Ninapowaambia wagonjwa wangu wa shinikizo la damu watembee nusu saa kila siku, huniuliza, "Sista, nitembee wapi?" Mmoja aliniambia kwamba alitii ushauri wangu kwa wiki mbili, kisha pikipiki ikamgonga. Alirudi na mkono kwenye plasta na shinikizo liko juu kuliko mwanzo.

Huku kwetu nako mambo yameanza kidogo kidogo. Jijini Nairobi mwaka 2019 barabara ya Luthuli, iliyokuwa imejaa magari, ilipunguzwa upana kwa magari na kuongezwa kwa miguu, ikapandwa miti. Na wenzetu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wana vichochoro vya kale ambavyo gari haliwezi kuingia, na biashara inafanyika humo miaka na miaka. Swali langu kwa wanaopanga miji ni kuhusu mama wa beseni la maandazi na dada wa mtumba. Njia ya miguu ndiyo duka lao. Mtaa ukitengenezwa vizuri, ukawekewa maua, halafu wao wakafukuzwa kwa sababu wanauchafua, utakuwa umeachiwa miguu ya nani? Na wao pia wana watoto wanaolala chini ya meza huku mama akiuza. Behewa la Curitiba lingewafaa wao kwanza.

Alhamisi iliyofuata tulisoma Zekaria, sura ya nane, pale nabii anapoueleza Yerusalemu utakapokuwa umerejeshwa. Mwalimu yule alifurahi sana kukuta humo wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji. Akasema ndio wale wa karatasi na rangi. Bibi akamwomba arudie mstari unaotangulia, ambao nabii anawataja wazee wa kiume na wa kike, kila mmoja na mkongojo wake kwa ajili ya uzee.

"Wanafanya nini hao wazee?" akauliza.

"Wameketi, Bibi."

"Barabarani?"

"Barabarani."

Bibi akarudi kwenye ufumaji wake. "Basi huko kuna mabenchi," akasema.