Kyela, mfuko ndio unaoonja waini kwanza

Umempeleka mchumba Matema kupunga upepo wa Ziwa Nyasa, naye anaagiza waini. Unauliza bei, koo linakauka! Hela hiyo ungepata bia kadhaa.

Kinachouma, zabibu ni zetu. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na wakulima wamelia mara nyingi kwamba wanunuzi hawaonekani. Sasa bei inapandia wapi? Njiani: ushuru, lori la kupita Iringa, Mbeya na Tukuyu, na faida ya kila duka. Tena chupa ya bia unairudisha, ya waini umeinunua.

Ndiyo maana wengi wanabaki na kimpumu, pombe yao ya ulezi. Ushauri wa bure: uliza bei kabla kizibo hakijatoka, na mchange watu wanne chupa moja.