Fahamu: Je, mmea wako unaeleza haiba yako?
Mitandaoni kuna majaribio yanayodai kuwa mkimya hupenda dungusi na mchangamfu hupenda waridi. Yapokee kama mzaha. Mengi yameazima aina 16 za haiba za Mmarekani Isabel Briggs Myers na mamake, kipimo ambacho wanasaikolojia wengi hawakiamini: ukikirudia baada ya wiki chache, unaweza kupata jibu jingine.

Hapa Majengo, Nyeri, kinachoamua ni nafasi na maji. Mpangaji wa chumba kimoja hupanda sukuma wiki kwenye gunia: katikati kokoto za kupitisha maji, ubavuni matundu ya miche. Mwenye nyumba akikataa gunia, hubaki dania ndani ya mkebe wa rangi, dirishani. Tabia huonekana baadaye, Januari, jua likiwaka na mtungi umebaki nusu.