Kazi na Mapumziko Katika Nchi ya Barafu

Mwezi wa Juni kusi huvuma Mombasa kwa nguvu, na mtu wa Mikindani arudiye nyumbani alfajiri kutoka zamu ya usiku bandarini husema kwamba leo kuna baridi. Hujifunika koti, hunywa kahawa ya tangawizi barazani pamoja na jirani zake, kisha huingia ndani akalala. Mikindani hii ni ile ya bara ya Mombasa, jirani ya Changamwe, wala si ile ya Mtwara. Lau mtu huyo angeligeuza uso wake kusini akaenda moja kwa moja bila kupinda, baada ya kilomita 9,500 hivi angelifika Ncha ya Kusini ya dunia. Huko, mwezi huo huo wa Juni, jua halichomozi kabisa, na watu wachache waliopo hufanya kazi zao gizani. Nao pia wana zamu, wana kahawa na wana michezo. Wasicho nacho ni njia ya kurudi nyumbani.

Bara hilo la Antaktika lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 14, yaani zaidi ya Kenya mara 20, na karibu lote limefunikwa na barafu ambayo unene wake kwa wastani hukaribia kilomita mbili. Halikupata kuwa na wenyeji. Wakaao huko wote ni watu wa kazi: wapimaji wa hali ya hewa, mafundi wa mitambo, wapishi, madaktari, mafundi wa redio. Katika kituo cha Warusi kiitwacho Vostok, tarehe 21 Julai 1983, kipimajoto kilionyesha digrii 89.2 chini ya sifuri. Mtu asidhani kwamba hiyo ni baridi ya kila siku, lakini hata baridi ya kila siku yatosha kuganda ndevu za mtu akipumua.

Mmoja wa watu waliosifika sana kwa safari za huko, Dakta Vivian Fuchs, aliijua Kenya kabla ya kuijua barafu. Mwaka 1934 aliongoza msafara wa wataalamu katika Ziwa Rudolf, liitwalo leo Turkana. Wenziwe wawili walivuka maji kwenda Kisiwa cha Kusini ziwani humo, wasionekane tena. Zaidi ya miaka ishirini baadaye alipewa uongozi wa msafara wa Jumuiya ya Madola uliokusudia kuvuka bara zima la Antaktika kwa nchi kavu, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa na mtu yeyote.

Mapema mwaka 1956 meli yao, Theron, iliwaacha watu wanane ufukoni mwa Bahari ya Weddell ili wajenge nyumba, na kuwangojea wenzao waliokuwa warudi mwaka unaofuata. Barafu ilikuwa ikianza kuizingira meli, basi ikaondoka kwa haraka, na shehena ikaachwa imerundikwa juu ya barafu ya bahari. Kila mtu aliyepata kufanya kazi gatini ataelewa hatari ya mzigo ulioachwa mahali pasipo pake. Wale wanane, wakiongozwa na Bwana Ken Blaiklock, walianza kuuhamisha kidogo kidogo, lakini kabla hawajamaliza ilikuja tufani ya theluji iliyodumu siku nyingi. Ilipotulia wakatoka kutazama. Barafu ilikuwa imevunjika na kuchukuliwa na bahari, pamoja na mafuta, makaa ya mawe na trekta moja.

Nyumba ilikuwa haijaezekwa. Basi mchana walikaa ndani ya kasha kubwa la mbao lililoletwa na gari la theluji. Humo walipika, walishona nguo na kuongea. Usiku walilala katika mahema, huku baridi ikipita digrii 40 chini ya sifuri. Walijenga kwa mwanga wa taa, na mara nyingi upepo uliijaza theluji ile nyumba isiyo na paa, wakalazimika kuifukua upya. Fuchs aliporudi Januari 1957 aliwakuta wote wanane wakiwa hai. Yeye na wenziwe walianza kuvuka bara tarehe 24 Novemba 1957, wakafika upande wa pili tarehe 2 Machi 1958, siku 99 na kilomita zipatazo 3,470. Magazeti ya dunia yaliisifu sana safari hiyo. Juu ya wale wa kasha la mbao hayakusema mengi, ingawa bila wao pasingekuwa na safari.

Kazi ya kwanza katika kituo chochote ni maji. Hapa pana jambo la ajabu: watu hao hukaa juu ya sehemu kubwa ya maji matamu ya dunia nzima, na bado hawana ya kunywa mpaka wameyayeyusha kwa moto. Mtu wa Mikindani ambaye amepanga madumu yake foleni siku ya mfereji kukauka atawahurumia. Katika kituo cha Waingereza cha Halley, kilichofunguliwa mwaka 1956, watu walikuwa wakipokezana kutia theluji kwa sepeto katika tangi la kuyeyushia, upepo uwe mkali au usiwe mkali. Katika kituo cha Wamarekani kilichopo Ncha ya Kusini yenyewe, mtu huruhusiwa kuoga mara mbili kwa juma, dakika mbili kila mara. Kufagia, kuosha vyombo na kusafisha vyoo ni kwa zamu pia, na mtaalamu mwenye shahada kubwa hashiki ufagio kwa heshima zaidi ya fundi.

Lakini kazi huisha, na giza haliishi. Hapo ndipo mapumziko yanapokuwa jambo la lazima kama chakula. Mwaka 1902 watu wa Kapteni Scott walitengeneza gazeti lao wenyewe, likihaririwa na Ernest Shackleton. Lilikuwa nakala moja tu, nalo lilipitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 1908 Shackleton alikwenda na mashine ya kupigia chapa, na watu wake wakachapisha kitabu kizima, majalada yake yakiwa mbao za masanduku ya chakula. Mwaka 1915, meli yake nyingine iliponaswa na barafu, mabaharia walipanga magoli wakacheza kandanda juu ya bahari iliyoganda.

Sikukuu yao kubwa ni tarehe 21 Juni, katikati ya usiku wao mrefu. Siku hiyo vituo vya mataifa yote hupelekeana salamu. Waingereza hupeana zawadi walizozichonga au kuzishona kwa siri kwa miezi kadhaa, na redio ya BBC huwapelekea sauti za jamaa zao. Wengine hunyamaza kabisa wasikiapo sauti za watoto wao.

Maana kukaa huko si mchezo. Moto ukishika nyumba, hakuna maji ya kuuzima na hakuna jirani wa kukimbilia. Ugonjwa nao haungoji meli. Tarehe 30 Aprili 1961, katika kituo cha Warusi cha Novolazarevskaya, Dakta Leonid Rogozov, kijana wa miaka 27, alitambua kwamba kidole chake cha tumbo kimevimba na kwamba asipopasuliwa atakufa. Daktari mwingine hakuwepo, wala ndege haikuweza kuja. Akajipasua mwenyewe. Wenziwe wasio na elimu ya uganga walimshikia kioo na kumpa vyombo. Yeye, akiwa amejitia dawa ya ganzi tumboni tu, alifanya kazi kwa karibu saa mbili, akipumzika kila mara kwa kuwa kichwa kilikuwa kikimzunguka. Baada ya majuma mawili hivi alirudi kazini.

Huko Halley jua lilikuwa likipotea kwa siku 105. Siku ya kutua kwake, mtu mzima kuliko wote kituoni aliishusha bendera iliyochanwa na upepo, na siku ya kuchomoza, mdogo kuliko wote alipandisha mpya. Tangu mwaka 2017, kwa sababu ya nyufa zilizotokea katika barafu ile, watu wameacha kukaa humo wakati wa giza, na vipimo huchukuliwa na mitambo peke yake.