Mwanao anasikiliza nyimbo za huzuni? Usiuulize wimbo, muulize yeye

Na Daktari Wetu

Mama mmoja aliingia katika kliniki yangu asubuhi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amenakili kwa mkono wake maneno ya nyimbo tatu za Kiingereza alizozikuta katika daftari la mwanawe wa miaka 19. Baadhi ya maneno alikuwa ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Daktari," akaniambia, "wewe umesoma. Hebu nieleze maana ya maneno haya. Huyu mtoto anataka kufa?"

Nilivaa miwani nikaanza kusoma. Nikamfafanulia fumbo hili na lile kwa muda wa dakika 20 hivi. Muda huo wote kijana mwenyewe alikuwa ameketi nje kwenye benchi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote.

Mpenzi msomaji, hilo lilikuwa kosa langu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nyimbo zilizokuwa katika daftari lile ni za muziki unaoitwa indie folk. Ni muziki wa gita, sauti ya chini kama ya mtu anayejisemea, na maneno yaliyojaa majonzi. Waimbaji wake wengi wanatoka Marekani na Uingereza, na wengi wao walianza bila kutegemea kampuni kubwa za kurekodi. Vijana wetu huzipata nyimbo hizi kwa simu, nao wazazi huzisikia kupitia mlango uliofungwa, wakaingiwa na hofu.

Je, maneno ya nyimbo kama hizi yanaweza kutuambia kwamba anayezisikiliza ni mgonjwa? Tuwatazame waimbaji watatu ambao habari zao zinajulikana.

SAUTI KWANZA, MANENO BAADAYE

Wa kwanza ni Justin Vernon, ambaye hutumia jina la Bon Iver. Katika majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007 alijitenga kwa karibu miezi mitatu katika kibanda cha babake cha uwindaji, jimbo la Wisconsin, Marekani. Bendi yake ilikuwa imevunjika, mapenzi yake pia, na alikuwa ameugua homa ya tezi pamoja na maradhi ya ini. Huko ndiko alikorekodi sehemu kubwa ya albamu yake, For Emma, Forever Ago, aliyoitoa mwenyewe mwaka wa 2007 na ambayo ilisambazwa kwa mapana mwaka wa 2008.

Homa ya tezi mara nyingi huletwa na virusi vya Epstein-Barr. Homa yenyewe hupoa, lakini uchovu wake unaweza kumkalia mgonjwa kwa wiki nyingi, hata miezi. Kwa hivyo mimi nikisikiliza albamu hiyo sisikii moyo uliovunjika peke yake. Nasikia pia mwili uliochoka.

Lakini maneno yake je? Vernon ameeleza kwamba alianza kwa kuimba sauti tupu zisizo na maneno, kisha akazisikiliza tena na tena na kutafuta maneno yanayofanana na zile sauti. Anayejaribu kuyafasiri mstari kwa mstari, kama ushahidi uliotolewa mahakamani, atapotea njia. Huzuni imo, ila imo katika sauti zaidi kuliko katika kamusi.

JINA LA MAMA

Wa pili ni Sufjan Stevens, pia wa Marekani. Mwaka wa 2015 alitoa albamu iitwayo Carrie & Lowell. Hapa huna haja ya kwenda mbali kutafuta maana. Carrie ni mama yake mzazi na Lowell ni baba wa kambo. Carrie aliiacha familia Stevens akiwa mtoto mchanga wa karibu mwaka mmoja. Alikuwa na maradhi ya akili na tatizo la ulevi. Mtoto alimpata kwa majira machache tu ya kiangazi, jimbo la Oregon, na mwaka wa 2012 Carrie akafariki kwa saratani ya tumbo.

Nyimbo zile zinataja kifo waziwazi. Mzazi anayezisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba mwimbaji anakitamani. Lakini ukijua kisa chenyewe, unatambua kwamba huyu ni mtu anayemlilia mama ambaye hakumpata vya kutosha alipokuwa hai. Majonzi ya namna hiyo ni mazito, kwa sababu anayelia anamlilia marehemu na pia anayalilia yale ambayo hayakuwahi kuwepo.

Kufiwa si ugonjwa. Majonzi huja kama mawimbi: leo yamekufunika, kesho unacheka na jamaa, kesho kutwa yanarudi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba majonzi makali yanayoendelea kwa zaidi ya miezi 6, kupita kiasi cha desturi ya jamii, na yanayomzuia mtu kuendelea na maisha yake, ni hali inayohitaji matibabu.

KUSOMA KINYUMENYUME

Wa tatu aliimba zamani kabla ya hao wawili, na waimbaji wengi wa aina hii humtaja kama mwalimu wao. Ni Nick Drake wa Uingereza. Alitoa albamu tatu, mwaka wa 1969, 1971 na 1972, na wakati huo zilinunuliwa na watu wachache mno. Alirudi kuishi kwa wazazi wake kijijini, akatibiwa ugonjwa wa huzuni, na mnamo Novemba 1974 akafariki kutokana na kuzidisha dawa aliyoandikiwa. Alikuwa na miaka 26. Uchunguzi rasmi ulisema kwamba alijiua, lakini baadhi ya waliomfahamu waliamini kwamba huenda haikuwa makusudi.

Tangu hapo watu wamezisoma nyimbo zake kinyumenyume. Kila mwezi, kila mti na kila mto anaoutaja huambiwa kuwa ni dalili ya kifo. Wanasahau kwamba nyimbo nyingi za albamu ya kwanza zilitungwa na kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa Cambridge, na kwamba albamu yake ya mwisho, Pink Moon, ilirekodiwa Oktoba 1971, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Dalili zilikuwepo, lakini zilikuwa katika maisha yake. Waliomjua wanasimulia kwamba aliacha kuimba mbele ya watu, aliacha kujitunza, nywele na kucha zikawa ndefu, na angeweza kwenda kwa rafiki, akaketi kwa saa nyingi bila kusema neno, kisha akaondoka. Aliyetaka kujua hali yake alihitaji kumtazama yeye zaidi ya kusikiliza santuri yake.

WATAFITI WANASEMAJE?

Mwaka wa 2014 watafiti wawili, Liila Taruffi na Stefan Koelsch, walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni. Ilikuwa ni ile hali ya kukumbuka mambo ya zamani kwa uchungu uliochanganyika na utamu. Wengi walitaja pia utulivu.

Utafiti mwingine, uliofanywa Florida na kuchapishwa mwaka wa 2020, uliwahusu watu wenye ugonjwa wa huzuni. Nao walipenda muziki wa huzuni, lakini walieleza kwamba unawatuliza. Kuna hata hivyo kundi moja la kuangaliwa: wale wenye tabia ya kutafuna wazo moja chungu bila kulimeza wala kulitema. Hao wanaweza kutoka katika wimbo wakiwa na hali mbaya zaidi kuliko walivyoingia.

Kwa hivyo wimbo mmoja unaweza kuwa dawa kwa huyu na sumu kwa yule. Sisi tuliokua tukisikiliza taarab tunalijua jambo hili. Fumbo moja huimbwa ukumbini, na kila mmoja huondoka akidhani ameambiwa yeye. Wahenga nao walisema kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake.

ALIYEKUWA BENCHINI

Hatimaye nilimwita kijana, nikamwomba mama atupishe kidogo. Nikamwonyesha ile karatasi na kumuuliza, "Nyimbo hizi zinakusaidia vipi?"

Akaitazama kwa muda mrefu. "Daktari, hizo siku hizi hata sizisikilizi. Ni kama wiki tatu sasa. Nikiweka wimbo, sihisi kitu."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mama alikuwa ameogopa kelele, kumbe hatari ilikuwa katika ukimya. Gita lilikuwa chini ya kitanda. Mpira alikuwa ameacha. Alikuwa akiamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri, na mshipi wake ulikuwa umesogea matundu mawili. Nikamuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Akanyamaza, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Katika zile nyimbo hapakuwa na jibu hata moja kati ya hayo.

DALILI ZA KUANGALIA

Ugonjwa wa huzuni, ambao wataalamu huuita sonona, hautambuliwi kwa aina ya muziki. Tunauchunguza iwapo mtu amekuwa na moyo mzito, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Pamoja na hayo tunaangalia:

- Usingizi uliopungua au uliozidi.
- Kukosa hamu ya chakula au kula kupita kiasi.
- Uchovu usioisha hata baada ya kupumzika.
- Kushindwa kutulia katika masomo au kazi.
- Kujilaumu na kujiona hana thamani.
- Kuzubaa, au kuhangaika bila kutulia.
- Mawazo ya kifo au ya kujiua.

Usingoje zote zitimie. Mawazo ya kujiua peke yake yanatosha kumpeleka mtu kwa daktari siku hiyo hiyo. Na ukiona kijana anagawa vitu vyake vya thamani, anaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, au anasema kwamba wenzake wataona afadhali asipokuwepo, usimwache peke yake.

UTAMUULIZAJE?

Kwanza, usinyang'anye simu wala kuchana daftari. Ukifanya hivyo utakuwa umefunga dirisha moja ulilokuwa nalo. Keti naye, mwambie akuchezee wimbo anaoupenda, kisha uulize, "Unakukumbusha nini?" na "Ukiisha, unajisikiaje?" Akisema anapata nafuu, mshukuru kwa kukuambia. Akisema anazidi kuzama, au hasikii chochote, endelea kuuliza.

Pili, usiogope kulitaja neno lenyewe. Wazazi wengi hudhani kwamba kumuuliza mtoto juu ya kujiua ni kumtilia wazo hilo kichwani. Si kweli. Kwa aliyekuwa nalo, swali ni mzigo kutuliwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa wenye umri wa kati ya miaka 15 na 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo.

Tatu, fungia dawa zote za nyumbani, hata zile za nyanya za shinikizo la damu. Dawa za kuulia wadudu shambani nazo zifungiwe. Mtu aliyezidiwa huweza kupita saa chache za hatari na akaishi miaka mingi, ikiwa tu hakupata kitu cha kujidhuru saa hizo.

MSAADA UPO

Si lazima uanzie hospitali kubwa ya maradhi ya akili. Daktari au afisa wa kliniki aliye karibu nawe anaweza kuanza. Atauliza maswali, atapima damu kuona kama kuna upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo yanayofanana na sonona, na atakuelekeza kwa mshauri nasaha. Hali isipokuwa kali, mazungumzo na mtaalamu yanaweza kutosha. Ikihitajika dawa, fahamu kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba vijana wa chini ya miaka 25 wanapaswa kuangaliwa kwa makini katika wiki za kwanza. Usiikatishe bila kumuuliza daktari. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Wengine walificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyefikia hapo ni mgonjwa, na mahali pake ni hospitalini. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Yule kijana alitibiwa kwa dawa na kwa mazungumzo ya kila wiki. Katika mwezi wa tatu mama yake alinipigia simu jioni. Akasema mwana ametoa gita chini ya kitanda na anaimba zile nyimbo zake za kuhuzunisha tena, mlango ukiwa wazi.

"Nifanye nini, daktari?" akauliza.

Nikamwambia achukue kiti, aende akasikilize.