Kwa Nini Ubao Una Ukungu?

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na binti wa darasa la nne, hodari wa hesabu. Mwalimu akiandika 8 ubaoni, yeye hunakili 3. Ikiandikwa 6, yeye huona 0. Lakini akipewa hesabu zile zile daftarini, hakosi hata moja. Wenzake wakamwita mzembe. Naye hakujua kwamba haoni vizuri. Angejuaje? Alidhani kila mtu huona ubao wenye ukungu.

Sasa sogeeni, wajukuu zangu, niwaambie kilichokuwa ndani ya jicho lake. Mwanga hupita kwenye konea, tabaka angavu la mbele, ukaingia kupitia mboni, lile duara jeusi la katikati. Lenzi huukusanya utue nyuma kabisa, kwenye utando uitwao retina. Retina hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ndio unaosema, “Hii ni 8.”

Jicho la binti yetu lilirefuka kupita kiasi. Hata milimita moja ikizidi, inatosha kuleta taabu: picha ya vitu vya mbali hutua kabla ya kufika kwenye retina, navyo vikafifia. Jicho likiwa fupi mno, vya karibu ndivyo husumbua zaidi. Na bibi anayenyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu? Huyo lenzi yake imekakamaa, jambo linalowapata karibu watu wote wakishapita miaka 40.

Mama akampeleka binti kliniki ya macho. Akasimama mita 6 mbele ya chati yenye herufi E, nyingine zimeelekea juu, nyingine chini, kulia au kushoto, kila safu ndogo kuliko iliyotangulia. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akaonyesha kwa vidole kila E inaelekea wapi. Hata asiyejua kusoma hupimwa hivyo, wala hakuna maumivu. Chati ya herufi iliyoenea duniani ilitungwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862.

Binti akapewa miwani. Jirani akaonya, “Itamharibia macho!” Si kweli. Miwani hupinda mwanga tu, utue panapostahili. Ukiivua, macho yako ni yale yale.

Nanyi mtunze yenu. Chezeni nje mchana kila siku, kwani hilo hupunguza hatari ya kutoona mbali. Ukisoma au ukishika simu, kila baada ya dakika 20 tazama kitu cha mbali kwa sekunde 20. Nawa uso kwa maji safi, na kila mtu awe na taulo lake, maana ugonjwa wa macho uitwao trakoma huenezwa na mikono, vitambaa na nzi. Kula mchicha, maembe, viazi lishe na maini upate vitamini A. Anayeikosa huanza kwa kushindwa kuona gizani. Jicho likiingiwa na mchanga, usilifikiche. Lioshe kwa maji safi, wala usitie dawa ya kubahatisha.

Ukijikuta unakunja macho ili usome ubao, au kichwa kinakuuma kila ukimaliza kusoma, mwambie mzazi au mwalimu leo hii. Na mwenzenu akinakili 3 badala ya 8, msimcheke. Mpisheni akae dawati la mbele, kisha mwambieni mwalimu, ili mwenzenu apelekwe akapimwe.