Chozi na Haidroidi: Swali la Upatanisho

Katika vichaka vya Manda huimba ndege aitwaye chozi. Upatanisho humtofautisha: chozi la jicho limedondoka, chozi wa kichakani ameruka. Sasa tutazame miambani, baharini. Haidroidi mwenye sura ya unyoya hana sauti wala ubongo. Ni kundi la vinywa vingi vilivyounganishwa, vikigawana chakula. Wengi humdhania mwani. Kumbe huwinda, na huwasha ngozi kama yavuyavu, jamaa yake. Ni mnyama kamili, sawa na chozi. Mbona basi matumbawe, jamaa zake wa mbali waliojengewa nyumba na msikiti wa Takwa, husemwa “yamekua” wala si “wamekua”? Nadhani sarufi yetu iliwatazama wanyama hao ikaona mawe.